Klachi Inayoteleza Kabla ya Mbio: Nasaha kwa Waendesha Pikipiki wa Handeni na Korogwe

Vijana wa Handeni na Korogwe wamekuwa wakiuliza jambo moja kwa namna nyingi, na muradi wake ni huu: nikivuta resi injini inanguruma, lakini pikipiki haiongezi mwendo, na mbio zimekaribia, nifanyeje? Madhali swali hili halikomi, na majibu yatolewayo vijiweni aghalabu hupingana yenyewe kwa yenyewe, imepasa lijibiwe kwa maandishi, hatua kwa hatua, tukianza na lile lisilogharimu kitu na kuishia kwa lile lenye gharama na taabu.

Wengi wa waulizao hawana pikipiki iliyoundwa kwa mashindano. Wana Boxer, TVS, SanLG, Haojue au T-Better, na pikipiki itakayoshindana Jumapili ndiyo iliyopanda Vugiri Jumanne na gunia la unga nyuma ya abiria wawili, ndiyo iliyoshusha mkaa Mkata Alhamisi, na ndiyo inayomlipa tajiri mwenye pikipiki hesabu yake kila jioni. Kwa hiyo klachi hiyo haikuanza kuharibika kwa ajili ya mbio. Ilikwisha kuchakaa zamani, na mbio zinaidhihirisha tu. Akili hii ikikaa kichwani, nusu ya makosa nitakayoyataja hayatatendeka.

Neno moja litangulie yote. Mbio zisemwazo hapa ni za uwanjani, au za njia iliyofungwa kwa idhini, yenye wasimamizi na mtu wa huduma ya kwanza. Barabara itokayo Segera kupita Korogwe na Mombo ni njia ya mabasi na malori yaendayo Moshi na Arusha mchana na usiku, na lami ya Korogwe kwenda Handeni ina watoto wa shule, ng'ombe na wapanda baiskeli. Ajaribuye nguvu za pikipiki yake huko kwa kushindana na mwenziwe huzihatarisha roho za watu ambao hawakuombwa idhini.

Pata yakini kwamba ni klachi

Klachi ya pikipiki hizi ni pleti zilizopangwa kwa zamu, moja ya msuguano na moja ya chuma, zinakandamizwa na springi, na zote zinaoga katika oili ile ile ya injini. Kuteleza ni upungufu wa kukandamizwa au upungufu wa msuguano. Hakuna sababu ya tatu. Lakini kabla ya kuitia klachi hatiani, ifanyie majaribio haya:

1. Mahali tambarare pasipo watu, injini ikiwa imepata moto, nenda mwendo wa kilomita 30 kwa saa katika gia ya tatu au ya nne, kisha vuta resi kwa ghafula. Sauti ikipanda upesi na mwendo usiifuate, klachi inateleza.
2. Elekeza gurudumu la mbele kwenye ukuta imara au gogo la mti, tia gia ya tatu, vuta resi kidogo, uachie klachi polepole hadi mwisho. Injini yenye klachi nzima itazimika. Ikiendelea kunguruma ilhali mkono umekwisha kuachiwa, umepata jawabu. Fanya mara moja tu, kwa sekunde chache, maana jaribio lenyewe huunguza pleti.
3. Zima injini, acha pikipiki ndani ya gia bila ya kushika klachi, uisukume. Gurudumu la nyuma lapasa kukataa. Likizunguka kwa urahisi, pleti zimekwisha kabisa.

Pikipiki nyingine kiki yake huzungusha injini kwa kupitia klachi, nayo ikiwa nyepesi pasipo sababu ni dalili hiyo hiyo. Kwa pikipiki ambayo kiki yake haipiti huko, dalili hii haimo, basi usiitumie kuhukumu.

Jihadhari na ghalati mbili. Ya kwanza ni cheni iliyolegea juu ya sproketi iliyokwisha meno: hii nayo humfanya mtu adhani klachi inateleza, ila hutoa mshindo wa kuruka, na klachi haina mshindo. Ya pili ni injini iliyopungua nguvu kwa kabureta chafu au plagi mbovu, au iliyolemewa na breki ya nyuma iliyokaza. Hapo mwendo hauongezeki, lakini na sauti pia haipandi. Sikio lako, likitulizwa, latosha kutenga haya.

Anza na waya

Ajabu ya maradhi haya ni kwamba katika pikipiki nyingi zinazoletwa kwa fundi, dawa ya kwanza kujaribiwa yafaa kuwa spana ndogo na dakika kumi. Waya wa klachi uliokazwa mno huwa umeishika klachi nusu wazi saa zote, hata pale mkono wako uko mbali nayo. Nao hukazwa mno kwa njia mbili. Ama mwendeshaji amelalamika kwamba gia zinaingia kwa shida, fundi akakaza waya ili zilainike, na juma la pili pikipiki ikaanza kuteleza. Ama hakuna aliyeugusa kabisa, bali pleti zenyewe, kadiri zinavyolika, zimekuwa zikiupunguzia waya nafasi yake kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Fanya hivi, injini ikiwa baridi:

- Vuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja. Pawe na nafasi ya bure kabla hujahisi uzito. Kwa pikipiki nyingi za namna ya Honda CG na jamaa zake za Kichina, nafasi hiyo ni milimita 10 hadi 20 ikipimwa kwenye ncha ya mkono. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, kifuate hicho.
- Geuza usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto hadi mwisho. Nafasi ile isipotee upande wowote. Ikipotea, waya umepitishwa vibaya, nao unavutwa kila ukatapo kona.
- Legeza nati iliyo karibu na mkono, urekebishe. Ikiwa imefika mwisho wa uzi wake, irudishe ndani yote, kisha rekebisha kwenye nati ya chini, upande wa injini.
- Vuta na uachie mara kadhaa. Mkono urudi wenyewe, upesi, pasipo kusukumwa. Ukirudi kwa uvivu, vumbi na kutu vimeingia ndani ya ganda la waya. Utie oili nyepesi, na ukiona hata uzi mmoja umekatika, badili waya wote.

Kisha rudia jaribio la kwanza. Kuteleza kukikoma, shukuru, funga vifaa vyako, wala usifungue injini kwa sababu tu rafiki amekuambia kwamba klachi ya mbio sharti iwe mpya.

Wale wachache wenye KTM au pikipiki nyingine za motokrosi zenye klachi ya mafuta badala ya waya, kama zile zionekanazo Jamhuri Park mjini Nairobi au Busiika nchini Uganda, hawana waya wa kurekebisha. Watazame kiasi na usafi wa mafuta hayo, na ile nafasi ndogo kwenye mkono wenyewe.

Kisha oili

Hapa ndipo penye mabishano makali, na yafaa kukaa kidogo.

Kwa kuwa klachi huoga katika oili ya injini, oili itakayoitumikia injini vizuri yaweza kuidhulumu klachi. Oili nyingi za gari za kisasa, hasa zile nyepesi zenye maandishi ya kuokoa nishati, hutiwa viungo vya kupunguza msuguano. Na msuguano ndio riziki ya klachi. Wajapani waliliona jambo hili, wakaweka kanuni ya oili za pikipiki mwaka 1998, na alama zake huandikwa kwenye chupa: JASO MA, MA1 au MA2 ni oili ya pikipiki yenye klachi inayooga katika oili kama yako, JASO MB ni ya skuta na wenzake wasio na klachi ya namna hii, nayo usiitie. Basi geuza chupa, usome mgongo wake kabla hujatoa fedha.

Najua utakaloniuliza: mbona mwenzangu hutia oili ya gari miaka yote, na pikipiki yake haitelezi? Yawezekana kabisa. Oili nzito za kale za namba 20W-50 aghalabu hazina viungo vile, nazo huishi na klachi kwa amani. Lakini mwenzako anaijua chupa yake, na wewe huijui yako, hasa ikiwa umenunua oili ya kupimiwa kutoka pipani, ambayo hakuna ajuaye ilikotoka wala kama imetumika. Kwa pikipiki ya kazi hilo ni hatari ndogo ya kila siku. Kwa pikipiki ya mbio ni ujinga.

Ukishuku oili, mwaga yote ikiwa ya moto, utie mpya kwa kipimo kilichoandikwa, ambacho kwa injini nyingi za ukubwa wa cc 125 ni karibu lita moja, kisha uendeshe kwa upole siku moja au mbili kabla ya kuhukumu, maana pleti zilizolewa oili mbaya hazizinduki mara moja. Oili iliyotoka inuse. Ikiwa na harufu kali ya kuungua na weusi wenye chembe, pleti zimekwisha kuteketea, na oili mpya haitazifufua.

Usitie dawa yoyote ya chupa iahidiyo kuipa injini wepesi. Usitie mafuta ya taa wala dizeli ili "kusafisha" ndani. Mambo haya yameua klachi nyingi kuliko mlima wowote wa Usambara.

Ukilazimika kufungua

Waya umepata nafasi, oili ni safi, na bado inateleza. Sasa ni springi au pleti. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mpe fundi, lakini simama karibu naye uangalie, kwa sababu mengi ya makosa hutendeka hapa.

Katika Boxer na katika injini za namna ya CG klachi iko upande wa kulia. Mwaga oili, toa kiki na vyote vilivyo njiani, fungua bolti za kifuniko, ukizipanga chini kwa mpangilio zilivyotoka, maana urefu wake haulingani. Kifuniko kikigoma, kigonge kwa nyundo ya mpira, usikipenyeze bisibisi, kwani uso ukikwaruzwa utavuja oili maisha yake yote. Bolti za springi zifunguliwe kwa kuvukana, kila moja kidogo kidogo. Na kitovu cha klachi, ambacho katika injini nyingi za CG sharti kitoke ndipo pleti zote zitoke, kina nati ya spana yake mahsusi au pete ya koleo lake. Anayekipiga kwa patasi na nyundo mnyang'anye patasi hiyo kwa adabu, uende kwa fundi mwenye kifaa.

Tazama haya:

- Pleti za msuguano. Mpya huwa na unene wa karibu milimita 3, na kwa injini nyingi za jamii hii 2.6 ndio ukomo. Pima kwa kifaa, si kwa jicho. Zikiwa nene lakini zimeng'aa na kuwa ngumu, hazifai pia.
- Pleti za chuma. Zilaze juu ya kioo. Ichezayo imepinda. Yenye madoa ya buluu imeungua.
- Springi. Zisimamishe pamoja juu ya kioo hicho hicho. Iliyo fupi kuliko wenzake imechoka, nazo hubadilishwa zote, si moja.
- Nyumba ya klachi. Meno ya pleti yakiwa yamechimba mashimo kwenye kuta zake, pleti haziendi wala hazirudi sawasawa. Mashimo madogo hupigwa tupa. Makubwa yanataka nyumba mpya.

Ukienda dukani, beba pleti na springi zako za zamani mkononi. Hesabu meno, linganisha kipenyo na unene hapo hapo mbele ya muuzaji, kwa kuwa spea za bandia ni nyingi, na usoni mwa boksi kila pleti ni ya asili.

Pleti mpya zitie katika oili mpya usiku kucha kabla ya kuzifunga. Pleti kavu huungua katika dakika za mwanzo, na mtu akadai ameuziwa spea mbovu. Zifunge kwa mpangilio ule ule zilizotoka nao, bolti za springi ukizikaza kwa kuvukana na kwa kiasi, maana nguzo zinazozishika ni za aluminiamu, nazo huvunjika kimya kimya chini ya mkono wenye nguvu. Gasketi iwe mpya. Kwenye injini za CG kuna chujio la kuzunguka nyuma ya kifuniko hicho hicho. Lisafishe kabla ya kufunika, kwani masizi ya pleti zilizoungua hukimbilia humo. Mwisho, rekebisha waya upya.

Njia za mkato zinazovutia

"Pleti ni ghali, je, si afadhali kutia washa chini ya springi?" Si afadhali. Kwa siku moja utaona klachi imeshika, ndiyo, na ndiyo sababu hila hii haifi. Lakini mkono utakuwa mzito, waya utakatika mapema, springi zitabanwa hadi zigusane, na ile pleti iliyokwisha itaendelea kwisha. Mwenye kutia washa siku ya mbio huweza kumaliza mzunguko wa kwanza akiwa mbele na wa nne akiwa anasukuma.

"Nitazipiga msasa." Msasa huondoa ule uso unaong'aa, na pleti zilizo nene bado huweza kushika kwa muda mfupi, kwa hiyo kwa kurudi nyumbani kutoka Kwamsisi nakupa ruhusa. Kwa mbio, hapana.

"Nitaziosha kwa petroli." Petroli huondoa oili, na pleti kavu zinauma kwa ukali mwanzoni, kisha zinateketea.

"Nitabadilisha usiku wa kuamkia mbio." Hili nalipinga kuliko yote. Klachi mpya inataka mwendo wa upole wa siku kadhaa ili pleti zizoeane, na baadaye waya hulegea au kukaza, ukahitaji kurekebishwa tena. Kazi ya ndani imalizike juma moja kabla. Siku tatu za mwisho ni za waya na cheni tu. Ikiwa umechelewa na pleti zimekwisha, usishindane mara hii.

Mkono wako

Waendeshaji huniambia klachi hazidumu siku hizi, nami hutazama vidole vyao. Wengi huendesha siku nzima vidole viwili vikiwa vimelala juu ya mkono wa klachi, hata barabara ikiwa tupu. Na uzito wa vidole viwili, kwa waya usio na nafasi, watosha kuzifungua pleti kidogo, zikasuguana kutoka asubuhi hadi magharibi.

Kutoka Mombo kwenda Lushoto, mji ulio karibu mita 1,400 juu ya bahari, njia yote ni kona na mwinuko, na aliyepakia mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, husimama kwenye kona akiizuia pikipiki isirudi nyuma kwa klachi badala ya breki. Hapo huunguza kwa dakika moja kile ambacho kingemtumikia mwezi. Wakati wa masika, udongo mwekundu wa Handeni ukigeuka tope, mwendeshaji huvuta resi kwa nguvu, klachi nusu, akitumaini kutoka, na tope lenyewe ndilo linalobaki limeshinda.

Shika breki mlimani. Shuka gia mapema, kabla injini haijalia. Kwenye tope, mshushe abiria. Aliye na hesabu ya kumpelekea tajiri ataniona nasema maneno ya mtu asiye na njaa, lakini na amwulize tajiri huyo huyo nani atalipa pleti. Aghalabu jibu litamfundisha kushusha gia. Na tajiri mwenye busara, akiambiwa kwamba klachi inateleza, hasemi "endesha hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi", kwa sababu atakayeununua ugomvi huo ni yeye, akilipa nyumba ya klachi pamoja na pleti.

Kwenye mstari wa kuanzia, usiikalie resi ya juu ilhali klachi imeshikwa nusu kungoja bendera. Shika klachi yote, ngoja, kisha achia kwa mwendo mmoja ulio laini na wa haraka. Ikishakamata, ondoa vidole kabisa. Kwenye vumbi na mchanga utatamani kuirudia klachi kila kona ili injini isishuke. Afadhali uchague gia sahihi.

Ikianza kuteleza siku yenyewe

- Simama, uiache ipoe. Klachi yenye joto kali huteleza zaidi.
- Tazama nafasi ya waya kabla ya kitu kingine chochote.
- Ikiwa ni mazoezi, punguza resi, tumia gia ya chini, urudi taratibu. Ikiwa ni mbio zenyewe, inua mkono kuonyesha ishara, utoke njiani upande salama, kwa maana pikipiki inayonguruma pasipo kwenda mbele ya wanaokuja kwa kasi ni hatari kwako na kwao.
- Usimruhusu mtu yeyote, hata awe fundi wa sifa, akumwagie kitu ndani ya injini pembeni mwa uwanja.

Beba spana ya nati ya waya, na waya mmoja wa akiba uliokwisha kupimwa urefu wake kwenye pikipiki yako. Mbio zikiisha, hata kama umeshinda, mwaga oili ile kabla ya kurudi kazini Jumatatu, uinuse, uitazame kwenye kitambaa cheupe. Ukiona chembe nyeusi au harufu ya kuungua, fungua klachi kabla hujampakia abiria wa kwanza wa kwenda Vugiri.